Kabla hujatoa hela ya kibodi: Juno-DS, MODX, Kross na arenja nilivyozipima

Wapiga vinanda wenzangu, habari za siku. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp swali ni lile lile, "wakuu nataka kibodi, nichukue gani?", afu majibu yanayokuja ni majina matupu, huyu Yamaha, yule Korg, mwingine anatupia picha ya Genos2, ile kibodi kubwa ya Yamaha, anaondoka, na hamna hata mmoja anayemuuliza mwenzie unapigia wapi, unapiga na nani, na kibodi unaibebaje. Mimi nilikua natafuta ya kupigia kanisani jumapili na kwenye harusi jumamosi, nimezunguka Kariakoo duka kwa duka, nimeazima za marafiki nikaenda nazo mazoezini, na sasa nshaamua. Naandika yote niliyoyaona maana hela ya kibodi kwa wengi wetu ni akiba ya muda mrefu na inauma sana mtu kuitoa kwa kuangalia boksi.

Tuanze na arenja na sinthi (sintesaiza), hapa watu wengi sana wanachanganya. Arenja ni zile kama Yamaha PSR-SX600, SX700, SX900 au Korg Pa700, unashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mkono wa kushoto, yenyewe inakupigia ngoma, besi na gitaa, na spika zake zipo humo humo. Sinthi za steji kama Roland Juno-DS61, Yamaha MX61, MODX6 na Korg Kross 2 hazina spika, ukiwasha bila hedifoni wala mikisa husikii kitu, na hazikupigii bendi kwa namna ile ya arenja. Kama unapiga harusi wewe na mwimbaji mmoja basi usihangaike na sinthi, chukua arenja kwa moyo mweupe, tena SX700 na SX900 zinapokea mapaki ya nyongeza yakiwemo ya midundo ya Kiafrika, SX700 ina nafasi ya MB 400, SX900 ina GB 1, wakati SX600 ina MB 100 tu. Ila kama nyuma yako kuna mpiga drams, besi na solo, ile bendi iliyomo ndani ya kibodi utaitumia lini? Umeilipia na itakaa kimya.

Wa taarab nao wana mambo yao na mara nyingi wanasahaulika kwenye haya mazungumzo. Kibodi ndo imebeba taarab ya kisasa toka miaka ya 1990, enzi za vikundi kama East African Melody mpaka Jahazi, na mpigaji anayetaka kugusa rasti au bayati, zile skeli za muziki wa Kiarabu, vizuri anahitaji robo toni, yaani kwa rasti ya Do unashusha Mi na Si kwa senti 50, nusu ya hatua kati ya kitufe na kitufe. Kibodi nyingi za kawaida zinaweza, ila mpangilio umefichwa ndani ya menyu na huwezi kuuchimba huku mwimbaji anasubiri uitikie. Ndo maana zipo kama Yamaha PSR-A5000 ya 2021 na Korg Pa700 Oriental, zimetengenezwa na watu wanaojua muziki wa Kiarabu, mpaka midundo na ala zimo. Kama upo Unguja, Tanga au Mombasa na hiyo ndo kazi yako ya kila wiki, sehemu ya chini yote ya andiko hili isikusumbue, nenda kwenye hizo.

Sisi wa bendi na kwaya turudi kwetu. Nilibakiza tatu mezani: Kross 2 iliyotoka 2017, Juno-DS61 ya 2015, na MODX6 ya 2018. Najua zimetoka mpya, Roland wametoa Juno-D6 mwaka 2024 na Yamaha wametoa MODX M mwaka 2025, na hiyo ni habari njema kwetu kwasababu zile za nyuma ndo zinaanza kuuzwa na wenye nazo na sauti zake hazijazeeka.

Muuzaji mmoja nilivyomuuliza kuhusu Juno akaniambia, "Kaka hii chukua, ina sauti zaidi ya elfu moja." Nikamwambia, "Sawa kaka, naomba pedali niisikie piano kwanza." Hakua na pedali. Yaani duka zima la vinanda. Hapo ndo nawaomba, ukienda kuangalia kibodi beba pedali yako na hedifoni zako unazozijua, maana hedifoni ya dukani imeshapasuka sauti na utailaumu kibodi bure. Na ukichomeka pedali ukakuta sauti inavuta wakati hujakanyaga na inakata ukikanyaga, usikatae mashine, ni polariti ya pedali imegeuka, pedali nyingine zina swichi yake chini na kibodi nyingine unageuza kwenye mpangilio.

Zile sauti elfu tuziache kabisa. Kwenye ibada nzima mimi natumia piano, piano ya umeme, ogani, stringi, padi (ile sauti laini ya kujaza nyuma) na brasi, basi, labda na kengele kidogo krismasi. Swali langu linakua hizo sita zikoje zikichanganyika na bendi kwenye spika za kanisa, na zikikaa mbili kwa pamoja. Hapa ndo inakuja polifonia, yaani noti ngapi zinalia kwa wakati mmoja. Juno-DS ina 128, Kross 2 ina 120, MODX ina 128 za sampo (sauti za ala zilizorekodiwa) na nyingine 64 za FM (sauti inazozitengeneza yenyewe). Yamaha DX7, sinthi ya 1983, ilikua na 16 tu na ikatikisa dunia, kwaio mtu anaweza kusema 128 ni nyingi mno, ila ukiweka piano na padi juu yake, kila noti inakula sauti mbili tatu au zaidi, ukakanyaga pedali mfululizo kwenye wimbo wa kuabudu wa polepole zile noti zinajaa na za mwanzo zinaanza kukatwa kimya kimya. Jaribu hivyo hivyo dukani, leya ya piano na padi (zote mbili zilie pamoja), pedali chini, piga kodi pana kutoka chini mpaka juu usikie kama besi inabaki.

Jaribio la pili ambalo naliona kubwa kuliko lote: shika kodi ya padi usiiachie, afu badilisha sauti kwenda ogani. Je ile padi imekatika ghafla au imemalizika kwa utaratibu? Kanisani wakati mchungaji anaomba na wewe uko chini chini, mkatiko wa ghafla unasikika na kila mtu na unawatoa watu kwenye maombi. MODX imelitatua vizuri, zile sauti zilizoundwa na mpaka pati nne (sauti ndogo zilizounganishwa) zinapishana bila kukata. Kwa kibodi nyingine dawa yake ni kupanga mapema, unaweka padi na ogani kwenye seti moja na unacheza na voliumu. Na tena MODX ina slaida nne za mbele zinazopandisha na kushusha kila pati, yaani unavuta stringi taratibu kwaya ikiingia kibwagizo, hiyo nimeipenda sana sitaki kudanganya.

Kwa sauti peke yake MODX ndo inaongoza, nalisema bila kusita. Piano ina mwili, na ile piano ya umeme ya FM ni ya ukoo wa DX7 wenyewe, teknolojia aliyoigundua John Chowning pale Stanford na Yamaha wakachukua leseni ya kuitumia, ukiigusa tu unazikumbuka rekodi za miaka ya 80. Pia unaweza kuingiza maktaba zako, ina GB 1 ya kuhifadhi. Kama ningekua narekodi studio muda mwingi nisingefikiria mara mbili.

Lakini kuna transpozi, yaani kuhamisha ufunguo wa kibodi nzima huku vidole vinapiga pale pale ulipozoea. Wengi wetu tumejifunzia kwenye funguo chache na mwimbaji anaanzisha wimbo anapotaka yeye, hakuulizi, unamfuata huko huko alipo. Juno-DS ina kitufe chake cha transpozi juu kabisa kinaonekana hata gizani, MX61 pia ina vitufe vyake, kwenye MODX unashika shift pamoja na kitufe cha oktava, mikono miwili kwa jambo ambalo mkono mmoja uko kwenye kodi. Kuna watakaosema jifunze funguo zote kumi na mbili, ni kweli na najifunza, ila jumapili hii ibada ipo.

Uzito na umeme ndo vilivyonimalizia. Kross 2 ni kilo 3.8, Juno-DS61 kilo 5.3, MODX6 kilo 6.6, na ukitaka zile za vitufe 88 vizito vya kama piano MODX8 inafika kilo 13.8, hiyo kwenye bodaboda au daladala la jioni sijui utaibebaje. Na Juno inatumia betri za AA nane, Kross sita, MODX haina betri. Mtu wa Ulaya akisoma hilo la betri anaona ni la kuchezea, ila nyie mnaopiga mikutano ya injili uwanjani mnajua, jenereta inayumba, mtu anachomoa ekstensheni achomeke la kwake, kibodi inazima katikati ya wimbo na ikiwaka inaanza upya kupakia wakati kwaya imesimama inakuangalia. Ukipiga kwa betri toka mwanzo hayo yote hayakugusi. Juno pia ina sehemu ya kuchomeka maiki na inacheza faili za WAV kutoka kwenye flashi, kwa huduma ndogo ya vijijini inatosha sana.

Kross 2 niliipenda kwa wepesi na ile sampla yake ya padi 16 (hizi ni vitufe vya kugonga, sio ile sauti), unarekodi kwenye SD kadi, ila vitufe vyake mkono wangu haukukubali, ni vyepesi mno na ogani ya kuteleza inanitoroka. Huo ni mkono wangu, wako unaweza kusema kingine, ndo maana nasisitiza ukaiguse mwenyewe, sauti za video za YouTube zinachukuliwa kwa kebo kutoka kwenye kibodi na kusafishwa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kanisa nyingi zinavuta laini moja tu kutoka kwenye kibodi. Hapo kebo lazima iwe kwenye jeki ya L/Mono, ukiiweka kwenye R peke yake unapata nusu ya sauti. Na piano nyingi tamu za stirio zikibanwa kuwa mono zinakonda, zinasikika kama zinatokea ndani ya debe, wakati piano nyingine ya kawaida kwenye kibodi hiyo hiyo inasimama vizuri. Kwaio omba muuzaji akuchomekee kwenye spika moja kwa kebo moja, usikilize piano zote kwa hali hiyo, utashangaa unayoipenda kwenye hedifoni sio utakayoichagua.

Kwa wanaonunua zilizotumika, hasa zinazokuja kwenye makontena kutoka Japani: kule umeme ni volti 100, kwetu ni 230. Kibodi za zamani kama Yamaha Motif XF au Korg Triton zina pawa saplai ndani, ukiona nyuma imeandikwa 100V ukaichomeka ukutani hivi hivi umeichoma, inahitaji transfoma ya kushusha. Zinazotumia adapta ya nje ni rahisi, unabadili adapta, ila usichanganye, MX inataka volti 12 na MODX volti 16. Afu kila kitufe kipige polepole kisha kwa nguvu, kikilia kwa kelele hata ukikigusa kidogo ujue raba za chini zina vumbi au zimechoka, zungusha kile kidude cha kuchagulia sauti uone kama kinaruka namba, na angalia jeki ya adapta kama inacheza.

Basi nimechukua Juno-DS61. Piano yake haifikii ya MODX na nimeikubali hivyo, kwasababu transpozi yake naifikia kirahisi, naibeba mgongoni, na uwanjani haitegemei jenereta ya mtu. Kama wewe una gari, kanisa lenye umeme wa uhakika na fundi mitambo anayejua kazi, MODX6 ndo yako.

Na kwenye bajeti tafadhali toeni kwanza hela ya stendi ya miguu miwili iliyopishana, pedali ya kama ya piano yenye uzito isiyokimbia sakafuni, kebo mbili nzuri na begi lenye sponji, ndo kinachobaki mkalinganishe bei za kibodi. Wenye Juno-D6 mkononi niandikieni vitufe vyake vikoje ukilinganisha na DS, nataka kuijua.