Siku moja maishani mwangu: kutafuta ukingo wa Ziwa Tanganyika, Kigoma

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kuchora ramani, na picha niliyoiacha ikipakuliwa usiku kucha imeshuka yote. Naifungua huku nikinywa chai ya rangi na vitumbua. Ni ya setilaiti ya Sentinel-2, pikseli moja ni mita 10 kwa 10 ardhini. Pembeni nina ramani ya zamani ya Tanzania, ya mfululizo uitwao Y742, kipimo cha 1:50,000, iliyochorwa kwa picha za ndege kabla sijazaliwa. Kwa kipimo hicho milimita moja ni mita 50, kwa hiyo picha hizi za bure zinatosha kwa barabara, mashamba na kingo za mito. Kwa nyumba mojamoja hazitoshi.

Saa 2. Kuzilinganisha. Ramani inafuata Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabu mahali duniani, na picha inafuata WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS. Ukisahau kugeuza, kila kitu kinahama karibu mita 300, na nyumba za ufukweni zinaingia majini.

Saa 4. Delta ya mto Luiche, pale unapoingia ziwani jirani na Ujiji. Naweka picha mbili, ya Oktoba 2018 na ya Mei 2024. Ziwa Tanganyika hujaa kila mwaka mwisho wa masika na kupungua kuelekea Oktoba, lakini 2024 lilijaa kupita desturi, na delta ni tambarare: maji yakipanda kidogo tu, mashamba ya mpunga yamekwenda. Sasa nichore ukingo upi? Nikichora wa Mei, nafuta shamba la mtu kwenye ramani itakayotumika miaka mingi. Nikichora wa Oktoba, kuna atakayejenga pale kwa kuniamini mimi. Swali hili limeninyima raha wiki nzima.

Saa 7 mchana. Bodaboda hadi Ujiji, kisha kwa miguu mpaka mwaloni. Mzee mmoja anashona nyavu kivulini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Unapima viwanja?"

Namweleza. Anainuka, ananionyesha mwembe walikokuwa wakifunga mitumbwi, kisha vichanja vya dagaa vilivyosogezwa juu mara mbili. "Mwaka 1964 ziwa lilifika hapahapa. Nilikuwa mdogo, tulihama. Baadaye likarudi lenyewe." Nachukua vipimo vya GPS kila anapokanyaga. Ananisahihisha pia jina la kijito: kwenye ramani ya zamani limeandikwa vibaya, na hakuna setilaiti ingeniambia hilo.

Saa 11 jioni. Nimeamua. Ukingo wa Oktoba utakuwa mstari usiokatika, na kutoka hapo hadi alama za mzee nitaweka alama ya eneo linalofurika. Mwenye shamba atabaki na shamba lake, na anayetaka kujenga ataonywa.

Saa 2 usiku. Ugali wa muhogo na mgebuka, kisha narudi mezani kuandika jina la kijito kama babu alivyolitamka. Bado nataka picha ya Machi, ila Machi huku ni mawingu matupu. Naagiza ya rada, ya Sentinel-1, inayopenya mawingu, naiacha ipakuliwe.