Mikebe Mitatu na Kamba ya Katani: Nilivyosimamia Mzozo wa Njia ya Baiskeli Mtaani Kwetu Kisumu

Nilichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wakazi wa mtaa wetu, ulio upande wa mashariki wa jiji la Kisumu, kwa sababu moja tu: nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 28, na watu waliamini kwamba mwalimu mstaafu hawezi kushindwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Hakuna aliyeniambia kwamba miezi minne baadaye ningekuwa nimeinama katikati ya lami na futi ya fundi mkononi, huku mama mmoja akinifuata nyuma na kitambaa chenye maji, akifuta kila mstari niliouchora.

Barabara yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa majirani zangu hawakuniomba niwatangaze. Lami yake ina upana wa mita 10 na sentimita 40. Ni pana kuliko yanavyohitaji magari mawili yanayopishana, ila haitoshi manne, na hapo ndipo balaa huanzia, kwa maana kila dereva huona mwanya wa kumpita mwenzake. Mwenye baiskeli husukumwa ukingoni, ambako lami imelika na mtaro uko wazi. Na baiskeli si chache. Desturi ya kubeba abiria kwa baiskeli, ambayo ndiyo iliyotupa neno bodaboda kutokana na wale waliokuwa wakivusha watu mpakani Busia, ilishika mizizi Kisumu kabla ya pikipiki kujaa, na ingawa abiria wengi sasa wamehamia kwenye pikipiki na tuktuk, baiskeli imebaki na kazi zake: mitungi ya maji, kreti za mkate, maziwa ya alfajiri, samaki kutoka ufuo wa Dunga, na watoto wa shule wawili wawili kwenye kiti kimoja.

Tangazo lilibandikwa nje ya ofisi ya chifu. Lilisema kwamba kila upande wa barabara ungepunguzwa hadi mita 3 na sentimita 20 kwa ajili ya magari, na mita 2 zitakazobaki kila upande zitengwe kwa baiskeli, zikikingwa kwa vigingi. Mtu akijumlisha ataona kwamba hesabu inatimia bila kugusa hata kidole kimoja cha ardhi nje ya lami. Jambo hilo, ambalo ndilo lililopaswa kusemwa kwanza na kwa sauti kubwa, halikuwa limeandikwa popote kwenye tangazo.

Baraza la kwanza lilifanyika siku ya Jumatano saa nne asubuhi, na lilivunjika kabla ya saa sita. Wenye maduka waliuliza wateja wao wangeegesha wapi. Makondakta waliuliza kuhusu steji. Bwana mmoja aliyevaa koti alisimama na kusema kwamba Kisumu ilitambuliwa kuwa jiji mwaka 2001 na kwamba jiji hupanua barabara, halizibani, tena baiskeli ni chombo cha mtu ambaye bado hajajaliwa. Alipigiwa makofi. Mhandisi aliyetumwa alifika amechelewa, akiwa na mchoro ambao hata mimi mwenye miwani sikuweza kuusoma. Nami niliharibu zaidi. Nilisimama nikaanza kuwasomea majirani zangu kifungu cha 10 cha Katiba kinachotaja ushirikishaji wa wananchi, kisha Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inayowapa wakazi haki ya kutoa maoni, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwasomea darasa la saba, mpaka mzee mmoja akaniambia kwa upole: "Mwalimu, sisi hatujakuja kufanya mtihani." Nilikaa.

Jioni hiyo, nikiandika kumbukumbu, niliona jambo ambalo lilikuwa limenipita mchana kutwa. Katika orodha ya waliohudhuria hapakuwa na hata mwendesha baiskeli mmoja. Saa nne asubuhi ya Jumatano, mwenye baiskeli yuko kazini. Tulikuwa tumebishana karibu saa mbili kuhusu watu ambao hawakuwepo.

Niliamua kuyaacha mabaraza kwanza nizunguke duka kwa duka, kibanda kwa kibanda, na daftari la kurasa 48. Sikumuuliza mtu kama anaunga mkono au anapinga, kwa sababu mtu akishatamka msimamo wake mbele ya jirani huona haya kuubadilisha. Niliuliza hivi: "Hapa mbele ya mlango wako, ni kitu gani hutaki kipotee?" Majibu yalinishangaza kwa udogo wake. Mwenye gesi alitaka gari la mitungi lisimame dakika kumi. Mama wa samaki wa kukaanga alitaka maji ya mtaro yasiingie kwake wakati wa masika. Vijana wa pikipiki walitaka kivuli cha mwarobaini uliopo kwenye pembe. Mama wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye aliyekuwa amepiga kelele kuliko wote barazani, alitaka lori la saruji liweze kupakua Jumanne na Ijumaa. Hakuna aliyeitaja baiskeli.

Kwa huyo mama nilirudi na mikebe mitatu mitupu na kikombe cha punje za mahindi. Nilimwomba, kwa siku moja tu, kila mteja akiingia atupe punje moja: mkebe wa kwanza kwa aliyekuja kwa miguu, wa pili kwa baiskeli au pikipiki, wa tatu kwa gari. Alicheka, akasema walimu wakistaafu huchanganyikiwa, lakini mikebe akaipanga juu ya meza karibu na mizani ya misumari. Jioni tulimwaga punje pamoja. Mkebe wa gari ulikuwa na punje 9, wa pili 31, na wa miguu tuliacha kuuhesabu tulipopita 70. Nilidhani nimeshinda. Aliniangalia akasema: "Sawa, Mwalimu, lakini hao tisa ndio walionunua mabati na saruji. Hawa wengine wamenunua misumari ya shilingi hamsini."

Alikuwa na haki. Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Bristol, Uingereza, wenye maduka waliwahi kuulizwa swali kama hilo, wakakisia kuwa asilimia 41 ya wateja wao hufika kwa gari, ilhali walipohesabiwa walikuwa asilimia 22. Hesabu ya namna hiyo ni nzuri, ila haisemi nani alibeba nini. Jibu la mama huyu lilinifundisha kwamba kumshinda kwa punje hakungelifikisha lori mlangoni pake, na kwamba mpango wowote usio na sehemu ya kupakulia mizigo ungekufa mikononi mwake, tena kwa haki.

Sambamba na hayo, vijana watatu wa kidato cha tatu waliokuwa likizoni walinisaidia kuhesabu barabarani kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tuliandika vijiti vitano vitano kama zamani. Hesabu yenyewe sikuitumia sana. Kilichonisaidia ni kwamba vijana wale waliona kwa macho yao mtoto na mamake wakiangukia mtaroni kumkwepa matatu iliyokuwa ikipita nyingine, wakaenda kulisimulia jambo hilo nyumbani. Masimulizi yao yalifika mbali kuliko waraka wangu wowote. Ni kweli kwamba nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba watembeao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwao, lakini takwimu za nchi nzima hazimwingii mtu kama kiatu cha mtoto wa jirani kinachovuliwa kwenye tope.

Kisha ikaja siku ya kamba. Niliandika barua kuomba ruhusa ya kuchora lami kwa chokaa na kutandaza kamba ya katani kwenye mita 100 tu, Jumapili asubuhi, ili watu waone upana mpya kabla haujajengwa. Ofisi iliyohusika ilikaa na barua hiyo wiki tatu, na ilinibidi kwenda mara nne, ya mwisho nikiwa na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Yeyote anayefikiria kufanya kazi hii na ajue kwamba muhuri huo wa kupokelewa ni mali.

Kosa langu kubwa lilitokea hapo. Sikuwatangazia watu wa vibanda kwamba chokaa ingechorwa. Mtu wa Kisumu anakumbuka vibanda vilivyobomolewa katikati ya mji na kandokando ya reli, na anajua kwamba kabla ya tingatinga huja mtu mwenye futi, na baada ya futi huja alama ya X nyekundu ukutani. Mimi nilikuja na futi. Mama wa samaki alipoona mstari mweupe ukipita mbele ya kibanda chake, hakuuliza. Alichovya kitambaa kwenye ndoo akaanza kufuta, nami nikichora yeye akafuta, mpaka nilipogeuka na kuona kwamba mikono inamtetemeka. Niliweka chokaa chini. Nilimpa mwisho mmoja wa futi aushike kwenye ukingo wa lami, nami nikaenda na mwisho mwingine ng'ambo, kisha nikamwomba asome mwenyewe. Akasoma 10.40. Nikamwonyesha kwamba mistari yote minne iko ndani ya lami na kwamba kibanda chake kiko mita mbili nje ya mtaro. Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwa hiyo hamji huku kwangu?" Hilo ndilo lililokuwa swali la mtaa mzima tangu siku ya tangazo. Lile neno "kupunguza" watu walilisikia kama "kuchukua", na aliyepaswa kueleza hakueleza.

Kutoka hapo kazi ilibadilika. Yule mama ndiye aliyezunguka na futi siku hiyo, si mimi. Saa tatu tulimwomba dereva wa lori la mchanga, lenye upana wa mita mbili na nusu, apite kati ya kamba. Alipita taratibu, kichwa nje ya dirisha, akasema njia inatosha ila hawezi kukimbia. Nilimwambia kwamba ndiyo maana. Niliwaeleza waliosimama kwamba sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini, na kwamba gari likipunguza hadi 30, nguvu ya kugonga inabaki zaidi kidogo ya thuluthi moja, kwa kuwa nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Safari hii hakuna aliyenikumbusha mtihani, labda kwa sababu lori lilikuwa bado linapita mbele yao.

Kamba ilionyesha pia makosa ya mchoro wa mhandisi. Matatu iliposimama kwenye steji, iliziba njia yote ya baiskeli, na abiria walishukia juu ya gurudumu la mtu. Vijana wa pikipiki ndio waliopendekeza baiskeli zipite nyuma ya steji, kati ya abiria na mtaro, mradi mtaro ufunikwe kwa slabu. Hilo halikuwamo kichwani mwangu wala kwenye mchoro.

Baraza la pili tuliliitisha Jumamosi saa kumi jioni, na wenye baiskeli walifika, wengine wakiwa na kreti tupu. Tuliandika waraka wa kurasa mbili wenye madai manne: slabu juu ya mtaro, njia ya baiskeli ipite nyuma ya steji, sehemu ya kupakulia mizigo mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi kati ya saa nane na saa kumi mchana, na maandishi yanayosema waziwazi kwamba hakuna jengo litakaloguswa. Mama wa vifaa vya ujenzi alikataa kutia sahihi mpaka aliposomewa dai la tatu mara mbili, akarekebisha "magari ya mizigo" kuwa "malori", kisha akawa wa kwanza kusaini. Bwana wa koti hakusaini. Alisema atabaki na maoni yake, nasi tuliyaandika kwenye kumbukumbu neno kwa neno, na nadhani kule kuyaandika kulimfanya asituzuie.

Tulipata madai matatu. Saa za kupakulia zilibadilishwa kuwa asubuhi, jambo ambalo mama yule bado ananidai. Njia imejengwa upande mmoja tu kwa sasa, upande wa shule, na slabu zimefunika mtaro kutoka steji hadi kwenye mwarobaini. Vijana wa pikipiki walikubaliana kupitia kwa mwenyekiti wao kwamba wataegesha juu ya slabu wala si kwenye njia. Watatu kati yao bado huegesha njiani ifikapo saa moja jioni, na mimi huwapitia nikitoka kununua mkate, tukasalimiana, wakasogea, na kesho yake tukarudia.