Nilivyokusanya ute wa konokono bila kuwaumiza

Njia ya haraka ya kumtoa konokono ute ni kummwagia chumvi. Sikuitaka njia hiyo. Chumvi humvuta maji mwilini hadi anakufa, na povu linalobaki limeshachafuka kwa chumvi yenyewe. Nafuga konokono wakubwa wa jenasi ya Achatina na nawapenda, kwa hiyo nilitafuta namna ya kuupata ute nao wakabaki wazima.

Nilianza kwa kumwacha mmoja atambae juu ya kioo, nami nikamtazama kwa chini. Ukiwa na konokono, fanya hivyo hata kama ute huuhitaji. Utaona mawimbi ya misuli yakipanda unyayoni, kutoka mkiani kuelekea kichwani. Mwaka 1980 mwanabiolojia Mark Denny alionyesha, kwa kuchunguza koa (jamaa wa konokono asiye na gamba la nje), kwamba ute wa unyayoni hushika kama kitu kigumu mpaka usukumwe vya kutosha. Hapo hulainika na kutiririka, kisha hushika tena. Ndiyo maana mnyama anaganda ukutani na bado anasonga. Alionyesha pia kwamba kuutengeneza ute huo kunamla mnyama nguvu nyingi sana. Hilo ndilo lililoniongoza: nisichukue mwingi, na niliyemchukulia leo nimpumzishe.

Kwanza huwaweka mahali safi penye unyevu bila chakula mpaka kinyesi kipungue. Kisha huwasuuza kwa maji matupu, bila sabuni. Nikiwa nimevaa glavu, humpitishia konokono pamba yenye unyevu unyayoni, polepole sana. Ute mwembamba unaong'aa hujikusanya, nami huukomba kwa kijiko cha plastiki. Ukimchokoa kwa nguvu hutoa ute mwingine kabisa, mzito wenye rangi ya ukungu, wa kujihami. Mimi nikiuona huo huacha papo hapo.

Nilichokipata ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kilichobaki ni kidogo lakini kina kazi nyingi: protini zenye sukari zinazoupa mnato, alantoini ambayo hutiwa kwenye krimu za kulainisha ngozi, na madini kama kalsiamu. Ute wa Achatina fulica una pia achasini, protini inayozalisha haidrojeni peroksaidi na hivyo kuua bakteria.

Hata hivyo, ute mbichi usiupake kidondani. Konokono hutambaa kwenye udongo na kinyesi, na anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo kwa binadamu hushambulia ubongo. Mimi ute wangu huuchuja kwa kitambaa laini, huuhifadhi kwenye friji, na huutumia upesi kwa majaribio ya gundi tu: tone kati ya vipande viwili vya kioo, likikauka, huvishika kwelikweli.

Kwangu gundi ndiyo yenye matumaini kuliko vipodozi vyote. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walitangaza gundi ya tiba inayoshika hata kwenye nyama iliyolowa damu. Haina ute ndani yake. Waliiga jinsi ute wa kujihami wa koa aitwaye Arion subfuscus unavyoshikamana na kuvutika bila kukatika.

Nikimaliza, humnyunyizia konokono maji, humpa majani na unga wa maganda ya mayai kwa ajili ya gamba, na humrudisha kwenye udongo wenye unyevu.