Siku yangu katika nyumba ya akina Kohrs, Deer Lodge

Saa mbili asubuhi. Julai ni kiangazi, lakini asubuhi za huku Montana, Marekani, nazijua, sweta siliachi nyumbani. Nafungua mlango wa nyuma wa nyumba hii ya zamani ya wafugaji, ambayo sasa ni makumbusho ninayotembezea wageni, nasoma kipima unyevu, naandika daftarini. Mapazia nayaacha nusu, maana jua linapausha mazulia. Fanicha nyingi humu ni zilezile za familia, kwa hiyo vumbi natoa kwa brashi laini, taratibu mno. Kazi hii inachosha kuliko watu wanavyodhani.

Saa tatu na nusu. Kundi la kwanza. Wote wanataka kukimbilia sebuleni, mimi nawazuia kwanza nje, mbele ya ukuta mweupe wa magogo. Sehemu hii ilijengwa 1862 na Johnny Grant. Utajiri wake ulitokana na wahamiaji waliopita njiani kuelekea magharibi: aliwapa ng'ombe mmoja aliyenona, akachukua wawili waliochoka, akawanenepesha kwa majani ya bonde, akawabadilisha tena mwaka uliofuata. Mama wa nyumba alikuwa Quarra, mwenyeji asilia. Nisipomtaja mimi hapo nje, mgeni anaweza kumaliza ziara nzima akiamini historia ya nyumba inaanza na Wazungu.

Mwaka 1866 Grant aliuza kwa Conrad Kohrs, mzaliwa wa Holstein, kaskazini mwa Ujerumani ya leo, aliyekuwa na bucha kwenye machimbo ya dhahabu. Bei ilikuwa dola 19,200. Miaka miwili baadaye Kohrs akamleta bibi harusi, Augusta, binti wa miaka 19.

Saa tano. Chumba cha kulia, ndani ya ubavu wa matofali ulioongezwa 1890. Hapa ndipo watu hutoa simu. Mimi huwakumbusha baridi ya 1886–87, ng'ombe walipokufa kwa maelfu na Kohrs akaokolewa na mkopo wa dola 100,000 kutoka kwa mwenye benki wa Butte, mji wa jirani. Ukijua hilo, hutauita ubavu huu mapambo tu. Ni mtu anayetangaza kwamba hajafilisika.

Saa sita mchana. Nyumbani Shinyanga ni saa tatu usiku, nampigia baba. Nikamwambia Kohrs alikuwa akipeleka hadi ng'ombe 10,000 kwa mwaka Chicago.

"Wa mtu mmoja?"

"Yeye na ndugu yake wa mama mmoja, baba."

"Na malisho, mwanangu, walimwomba nani?"

Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu kwamba sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya wazi, isiyo na uzio, ambayo wenyeji walikuwa wakisukumwa watoke. Akaguna.

Saa nane mpaka kumi. Makundi mawili, mvua fupi, viatu vya matope. Watoto wanapenda zaidi mabweni ya wachunga ng'ombe, nami siwalaumu.

Saa kumi na moja. Unyevu umepanda kwa sababu ya mvua. Naandika, nafunga madirisha, naenda kununua mkate kabla duka halijafungwa.