Nilipiga kanga, kumbe nimepiga ugomvi

Watu wakija na kamera zao Mji Mkongwe wanakimbilia milango, na sio kosa, mie mwenyewe nlianza hivohivo, simu mkononi toka Shangani mpaka Malindi, kila mlango piga, mpaka simu ikanambia imejaa. Ule mnyororo uliochongwa pembezoni wenyewe husema ni ulinzi wa nyumba, samaki na mawimbi ni riziki ya bahari, na ile misumari mikubwa ya shaba inasemwa kule India ilikua ya kuzuia tembo asisukume mlango. Sasa hapa Unguja tembo wa kuvunja milango katokea wapi? Ni pambo tu, na kuonesha kua mwenye nyumba anazo.

Ila milango ilinchosha. Aliyechongesha kafa zamani, maneno yake kashamaliza. Mie siku hizi natafuta alama iliyowekwa leo asubuhi, na mtu aliyeiweka yupo dirishani anachungulia.

Kona ya Jaws kwa mfano, kuna ile simu ya zamani ilotundikwa na kibao chake kua kupiga nje ya nchi ni bure, kila mgeni lazima aiweke sikioni apigwe picha, na wazee kwenye baraza hata hawanyanyui macho, wanacheza dhumna na kahawa yao tungu. Picha yangu ya pale simu haimo kabisa, ni mkono wa mzee na kikombe kidogo kile, kidole cha mwisho kimepinda. Mpaka leo ndo naipenda kuliko zote.

Sasa kanga. Nlikua napita Mkunazini baada ya alasiri, wakati ule jua linaingia ubavu kwenye vichochoro linapiga ukuta wa upande mmoja tu na wa pili unabaki giza. Juu kamba, kwenye kamba kanga moja, nyekundu na nyeupe, pindo zimenyooka, jina linasomeka mpaka chini: HASIDI HANA SABABU. Hakuna nguo nyengine yoyote, hata leso. Nikapiga, nikarudi nyuma nikapiga tena, mara nasikia juu:

"Weye kijana! Umepiga kanga au umenipiga mie?"

"Shikamoo mama. Kanga tu, wallahi."

"Marahaba. Nioneshe."

Akashuka. Mtu mzima, mtandio mkononi bado anajifunga. Nikamuonesha, akaangalia kwa karibu, akaivuta kwa vidole viwili kama anayetafuta kitu, afu akasema mbona umeikata dirisha. Dirisha gani mama? Akaninyoshea kidole, ng'ambo ya kichochoro, pengine hatua 4, dirisha la kijani limefunguliwa nusu. Hapo ndo akili ikanijia. Kanga ile ilikua kavu! Haikufuliwa, haikudondosha hata tone, imeanikwa isomwe na mtu mmoja tu, na mie nimepiga barua nikamwacha aliyeandikiwa nje ya picha.

Nikamuuliza nifute? Akasema usifute, ila usiipeleke huko mitandaoni kwenu kabla hajanijibu. Kwani atajibu? Akacheka tu, akapanda ngazi zake.

Na hapa niseme, mana wapo wanaojifunza picha na kitabu, eti subiri mtu apite kwenye mwanga ndo ubonyeze. Sawa, subiri. Lakini kama hujui kusoma kanga utasubiri mtu apite na kitu chenyewe kipo juu ya kichwa chako.

Siku ya tatu nikapita tena, nlijifanya naenda kununua mkate. Nyekundu haipo. Kwenye dirisha la kijani imening'inia kanga ya buluu, nayo kavu vilevile, peke yake: SINA SIRI NINA JIBU.

Nikasimama katikati sijui nicheke au nikimbie. Mama yule yuko barazani anachambua mchele kwenye ungo, hajaniangalia, akanambia,

"Umeisoma?"

"Nimeisoma mama."

"Haya piga. Na safari hii usiikate dirisha."