Samaki hawakufa, walikosa watoto tu

Mto ukichafuliwa picha za kwenye TV ni zilezile, samaki wameelea matumbo juu, na wasipoelea tunaona maji yako poa tu. Mimi tangu nisome habari za Ziwa 260 huko Ontario, Kanada, hiyo imani iliniisha.

Hilo ziwa halina jina, lina namba, manake liko kwenye eneo ambalo wanasayansi wanaruhusiwa kufanyia majaribio ziwa zima, sio tenki la maabara. Kiangazi cha 2001, 2002 na 2003 timu ya mwanasayansi Karen Kidd ikawa inatia humo homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, na kiasi chenyewe sasa, nanogramu 5 au 6 kwa lita! Nimepiga hesabu, gramu moja inatosha maboza 20,000 ya maji, kila boza lita 10,000.

Na ilitosha. Madume wakaanza kutengeneza vitelojenini, ile protini ya kiini cha yai ambayo ini la jike huitoa likipewa amri na homoni ya kike, sasa dume ya nini jamani, wengine wakakutwa na chembe za mayai ndani ya korodani. Wafugaji wa sato wala hawatashangaa, si ndo mchezo uleule kwa upande wa pili, vifaranga wanalishwa homoni ya kiume wiki za mwanzo ili wote wawe madume wakue haraka.

Walioumia zaidi ni visamaki vinaitwa fathead minnow, hivi maisha yake ni miaka michache tu, kwaiyo misimu miwili mitatu bila watoto wa kutosha wazee wanaisha na hakuna wa kushika nafasi zao, ziwani wakawa karibu watoweke kabisa. Afu trauti, samaki wakubwa wanaowategemea kwa chakula nao wakapungua, hasa kwa njaa.

Hapa ndo watu wanarukia wanawake na vidonge vyao, mi naona ni uonevu. Estrojeni ya asili, yani homoni ya kike, iko kwenye mkojo wa kila mtu, wanaume pia, mifugo pia, bado kemikali za viwandani zinazoiga homoni. Uingereza miaka ya 1990 walikuta madume wenye mayai kwenye mito inayopokea maji ya mitambo ya majitaka, yani maji ambayo tayari yameshasafishwa.

Ziwa 260 walipoacha kutia dawa visamaki vilirudi baada ya miaka kadhaa. Mto wa mjini je, utawaambia watu waache kwenda chooni? Dawa yake ni mtambo wa majitaka tu. Uswisi tangu 2016 sheria inataka mitambo mikubwa iongezewe hatua ya ozoni ya kuvunjavunja mabaki ya homoni na kemikali, au kaboni ya kuyanasa, na gharama wanachangishwa wananchi, mpaka faranga 9 kwa kichwa kwa mwaka, hela ambayo huko hata mlo mmoja wa mgahawani haikupi.