Siku moja maishani mwangu: nani atampigia simu mgonjwa?

Saa 2 asubuhi. Nafungua jalada la dawa ya presha. Kampuni inaomba ilipiwe na bima, na ushahidi wake mkuu ni jaribio lililogatuliwa: wagonjwa waliridhia kwa simu, wakatumiwa dawa nyumbani, wakajipima wenyewe. Usalama wameshaupima wadhibiti wa dawa. Sisi wa tathmini ya teknolojia za afya tunauliza inaizidi nini dawa iliyopo, na kwa gharama gani.

Saa 3. Jedwali la washiriki. Husemwa majaribio haya huwafikia walio mbali na hospitali kubwa. Sawa, ila sharti la kujiunga hapa lilikuwa kumiliki simujanja, na washiriki ni vijana kuliko wagonjwa watakaolipiwa. Umbali umeondolewa, kizuizi kingine kimewekwa.

Saa 5. Bado niko ukurasa uleule. Programu iliwakumbusha washiriki kumeza dawa kila siku. Asiyejibu alipigiwa na muuguzi. Tukiidhinisha dawa, nani atapiga simu hizo? Modeli ya gharama, yaani hesabu ya kampuni ya kukadiria gharama na faida za dawa, imechukua ufuasi wa dawa (kumeza kama ilivyoagizwa) wa jaribioni kama ulivyo, lakini malipo ya muuguzi hayamo. Ama waingize huduma hiyo kwenye gharama, ama washushe ufuasi.

Saa 7, chakula. Upesi.

Saa 8 mchana, kikao. Mtakwimu wetu ananikumbusha ADAPTABLE, jaribio la Marekani lililochapishwa 2021: wagonjwa wa moyo 15,076, aspirini miligramu 81 dhidi ya 325, wengi wakifuatiliwa kwa intaneti. Waliopangiwa 325, asilimia 41.6 walibadili dozi. Upande wa pili asilimia 7.1 tu. Wengi walishazoea 81 kabla ya kuanza. Yeye anaona dosari, kwa sababu kuhama huko hufifisha tofauti baina ya makundi. Mimi naona habari: mlipaji anahitaji kujua watu watameza nini hasa wakiachiwa wenyewe. Tunabishana hadi chai inapoa. Ana haki kwenye swali la dozi ipi ina nguvu zaidi. Kwenye bajeti simpi.

Saa 10 jioni. Presha kliniki huhesabiwa kuwa juu kuanzia 140/90. Nyumbani kuanzia 135/85, kwa kuwa huko namba kwa kawaida hutoka chini kidogo. Modeli imechukua vipimo vya nyumbani na kuvitia kwenye fomula ya hatari ya kiharusi iliyojengwa kwa vipimo vya kliniki, bila marekebisho yoyote. Wasomaji wengi wa jalada wangelipita hili, maana namba zenyewe zinaonekana nadhifu.

Saa 11. Naandika maswali kwa mwombaji. La muuguzi lipo, la fomula lipo. La kwanza kabisa ni la data zilizokosekana: walioacha kutuma vipimo walikuwa wamezidiwa, au walichoshwa na programu tu? Wakishindwa kutenganisha hao wawili, jalada haliendi kwenye kamati mwezi huu.